Kwa Nini Mwomba Maji Hupewa Jembe Kabla ya Kiti

Mgeni wetu ameuliza swali zuri, tena ameliuliza akiwa na tope hadi magotini, kwa hiyo anastahili jibu. Amefika asubuhi kutoka vijiji vya chini akiwa na shida ya maji. Badala ya kupewa kiti na kusikilizwa, amepewa jembe na kuonyeshwa mahali pa kuchimba. Ameshangaa, na moyoni anadhani tunamdharau. Wengine mmemcheka, lakini hata nyinyi mliocheka sababu hamuijui. Mmeirithi desturi hii kama mlivyorithi pua zenu. Haya, pumzisheni migongo kidogo, mjue ilitoka wapi.

Zamani sana, mlima huu ulipokuwa na misitu mingi na watu wachache, maji hayakuombwa kwa jembe. Yaliombwa kwa koo. Ndiva hii, bwawa hili la mawe, ilikuwepo, hapa hapa ilipo, ikikusanya maji ya kijito usiku kucha ili yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani. Watu wa Ikombe, waliokaa huku juu, ndio waliokuwa wenyewe. Watu wa Mbweru, waliokaa chini, mfereji wao ulianzia kwenye kizibo cha ndiva, na kizibo kisipofunguliwa, mfereji ulikuwa njia ya mijusi tu.

Ng'ambo ya korongo, mkabala na ndiva, palikuwa na jiwe kubwa lililoitwa Jiwe la Waombaji. Mwenye shida alipanda juu ya jiwe hilo akapaza sauti hadi ivuke korongo. Mtunza ndiva alisimama kwenye ukingo wa upande wake, akasikiliza, kisha akajibu kwa mkono. Mkono ukipanda, umepata. Mkono ukishuka, rudi kwenu. Hakuna mwombaji aliyevuka korongo, maana kuvuka kulihesabiwa kuwa ni kuja kwa shari.

Kwa sababu hiyo watu wa Mbweru walithamini koo kuliko ng'ombe. Mtoto akizaliwa na kilio cha kutetemesha paa, ndugu walipongezana. Kijana mwenye sauti nene hakupata taabu ya kuoa, hata kama shamba lake lilikuwa magugu matupu. Aliyechaguliwa kwenda jiweni alilishwa asali na kukatazwa kuongea, sauti isije ikachakaa kabla ya wakati. Waliamini kabisa kwamba mtu akikukatalia jambo, basi hajakusikia vizuri, na dawa yake ni kuongeza sauti. Watu wa namna hiyo wapo hata leo, na baadhi yao wamekaa hapa hapa wakinitazama.

Ukaja mwaka ambao mvua za vuli zilipita mbali. Mahindi ya Mbweru yalikuwa yametoa mbelewele, ule wakati ambao yakikosa maji huwezi tena kuyasaidia, na migomba ilikuwa imeinamisha majani. Mtunza ndiva wakati huo alikuwa mzee aliyeitwa Kajiru, mtu mkavu wa maneno, ambaye mkono wake ulijulikana kwa kushuka.

Mbweru walimtuma kwanza Mrindoko, mwenye sauti kubwa kuliko wote. Alipanda jiweni, akavuta pumzi, akanguruma. "Kajiru! Fungua maji! Usipofungua tutakuja tuivunje hiyo ndiva yako, tukose wote!" Mkono wa Kajiru ulishuka hata kabla sauti haijamaliza kuvuka. Kesho yake njia ya korongoni ilikutwa imezibwa kwa matawi ya miiba, na vijana wa Ikombe wamekaa nyuma yake wakikagua nyuta zao.

Wakamtuma Mbwiro, ambaye kinywa chake kilikuwa kitamu kiasi kwamba aliweza kumsifu mbuzi mbele ya mwenye mbuzi hadi akapewa nyama. Mbwiro alimwita Kajiru nguzo ya mlima, akasema jua halichomozi bila kumbishia hodi, akasifu hata kivuli chake. Kajiru alikaa chini kabisa kumsikiliza, na Mbweru wote waliokuwa nyuma ya jiwe wakaanza kushikana mikono kwa furaha. Mbwiro alipotua, Kajiru akapaza sauti, "Umemaliza? Ongeza kidogo." Mbwiro akaongeza, mpaka akaishiwa, akarudia zile za mwanzo. Ndipo mkono ukashuka.

Basi ukafanyika mkutano. Wazee wa Mbweru walisema mwezi ukiandama bila maji, kijiji kizima kihame kishuke nyikani kutafuta mto. Hakuna aliyependa, lakini likapita.

Uamuzi huo ulimpiga mtu mmoja kuliko wote. Alikuwa mwanamke aliyeitwa Nakijwa, mjane, mkulima hodari, na mwenye hasira za karibu. Nakijwa aliishi na mama yake, bibi Namcha, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kabisa, hata kufika kisimani hawezi. Nyikani palikuwa mbali, na njia yenyewe ilikuwa mteremko wa mawe.

"Nitakubeba mgongoni, mama," Nakijwa alimwambia jioni walipoketi uani.

"Utanibeba mpaka kwenye mteremko wa kwanza, uniangushe, halafu useme ni bahati mbaya," Namcha akajibu. Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nendeni, mwanangu. Baba yako amelala pale kwenye migomba. Mimi nimeshafika."

Nakijwa akaingia ndani, akalia ambapo mama yake asingemwona. Alijua hatamwacha. Alijua pia kwamba akibaki naye peke yao kwenye kijiji kikavu, watakauka pamoja na migomba. Alipotoka nje macho yalikuwa mekundu na maneno yakamtoka kwa kishindo. "Kesho naenda jiweni mimi mwenyewe. Nitamwambia Kajiru maneno ambayo hajawahi kuambiwa tangu azaliwe."

Namcha hakumkataza. Alimtazama tu, akauliza, "Ulipokuwa mdogo, ukitaka kitu kwangu, ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa nalia."

"Ulikuwa unalia, nami nakuchapa. Ukaona kilio hakifai, ukaanza kunisifia, eti mama yangu mzuri. Nikawa nacheka, sikupi kitu. Halafu siku moja ukanikuta jikoni nimeelemewa. Ukakaa chini ukaanza kuchambua mboga, kimya. Ulipomaliza mboga ukashika ufagio. Mimi mwenyewe nikaanza kukosa raha. Nikakuuliza, haya, unataka nini?"

"Nilitaka shanga," Nakijwa akasema, na pamoja na uchungu wake akatabasamu.

"Ukapata shanga. Sasa huko juu sijui kuna mboga gani za kuchambua. Nenda kaangalie kwanza."

Kulipokucha Nakijwa hakunywa asali. Alichukua kikapu, akatia jembe begani kama afanyavyo mtu yeyote anayepanda mlima, na badala ya kushika njia ya jiweni akazunguka kwa juu, kwenye njia ya msituni ambayo wanawake huokotea kuni. Huko akamkuta mwanamke mtu mzima amekaa kando ya mzigo uliofumuka, kamba imemkatikia. Nakijwa hakumuuliza ni nani. Alitua jembe, akachuna gome la mti, akasokota kamba, akafunga mzigo, akaubeba yeye.

"Wewe si wa huku," yule mama alisema wakiwa njiani.

"Mimi wa Mbweru, mama."

"Poleni. Nasikia huko kumekauka."

"Kumekauka, mama."

"Huku nako tunajikaza tu," akasema, kisha akaendelea na habari za mchwa waliomlia mlango.

Walitokea upande wa ndiva ambao hakuna mtu wa Mbweru aliyewahi kuuona. Nyumba ya yule mama ilikuwa pale pale ukingoni. Kumbe alikuwa Nanzia, mke wa Kajiru. Na Kajiru mwenyewe alikuwa amesimama kwenye maji akipima kwa fimbo. Aliichovya, akaitoa, akaitazama, akaifuta kwa nguo yake, kisha akaenda kuichovya mahali pengine, kana kwamba angebahatisha penye kina. Kila ilipotoka, fimbo ilikuwa na maji kidogo juu na tope jingi chini. Ndiva ile kubwa, ambayo kutoka jiweni ilionekana imejaa pomoni, ilikuwa imejaa tope. Maji yaliyokuwa juu yake hayakufika magoti ya mbuzi.

Hasira ilimpanda Nakijwa hadi kooni. Kwa hiyo ndicho walichokuwa wakinyimwa, dimbwi la kuogea bata! Alitaka kutua kuni apige kelele mlima mzima usikie. Kisha akaitazama tena ile fimbo, na jinsi mzee alivyoifuta kwa uangalifu, na moyo ukageuka. Yule mzee alikuwa akiogopa. Alikuwa na ndiva inayomfia mikononi, na kila mwombaji aliyepanda jiweni alikuwa akimtisha bila kujua, kwa sababu kufungua kizibo ni kuwaonyesha watu wote kwamba ndani hamna kitu. Watu wa Mbweru walikuwa wamekaa ng'ambo miaka yote wakiongeza sauti, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuchungulia.

Kajiru akamwona. "Wa wapi huyu?"

"Wa Mbweru, baba. Shikamoo."

"Hakuna maji," Kajiru akasema, bila hata kuitikia.

"Sijaomba maji. Nimemsindikiza mama na kuni zake." Hapo ulimi ukamponyoka. "Ila naona ndiva imeingia tope."

Uso wa Kajiru ulikunjika papo hapo, na mkono ukaanza kushuka. Nakijwa akajua amekosea. Amegusa kidonda kabla hajapewa ruhusa ya kukitazama. Akatua kuni, akakaa chini ukingoni, kisha akauliza kwa upole, "Baba, ndiva hii aliijenga nani?"

Mkono ulisimama katikati. Hakuna aliyewahi kumuuliza Kajiru swali hilo. Akasema ilijengwa na babu yake. Akaeleza mawe yalikotolewa, na namna yalivyoburuzwa kwa magome ya migomba, na jinsi ukuta ulivyobomoka mara ya kwanza na babu akakataa kula mpaka usimame tena. Alianza akiwa amesimama, akamaliza akiwa amekaa. Nakijwa alisikiliza kwa kuwa habari ilikuwa nzuri kweli, na alipouliza jambo aliuliza kwa kutaka kujua. Nanzia akaleta maji ya kunywa. Na mzee alipofika mwisho akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba wakati wa babu vijana walikuwa wengi, lakini siku hizi ukiwaita kwenye kazi ya ndiva kila mmoja ana jino linamuuma.

Nakijwa akaona mlango umefunguka, ila umefunguka kidogo, na mtu mwenye busara haupigi teke mlango wa namna hiyo. "Baba," akasema, "nina ombi dogo. Naomba kikapu kimoja cha tope."

"Tope?"

"Udongo wetu umechoka, na tope la ndiva lina rutuba kuliko samadi. Ukiniruhusu nitashukuru sana."

Kajiru alimtazama kama mtu aliyeombwa moshi wa jikoni kwake. Kisha akacheka, na Nanzia akageuka kutazama ni nani aliyecheka, maana alikuwa ameisahau sauti hiyo. "Chukua," Kajiru akasema. "Chukua hata viwili." Na mkono wake ukapanda juu kwa mazoea, yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Mbweru walipomwona Nakijwa akishuka na kikapu cha tope kichwani, walicheka mpaka wakashikilia mbavu. Mrindoko alicheka kuliko wote. "Wanaume tumeomba maji tukanyimwa, yeye ameomba tope akapewa! Kesho ataomba mawe!" Nakijwa alihisi masikio yakiwaka, lakini hakujibizana naye. Alilimwaga tope kwenye shina la mgomba wa baba yake, akamweleza mama yake alichokiona, kisha akamwita wifi yake Nambike. Hakumbembeleza aamini. Alimwambia, "Twende ukaone kwa macho yako."

Nambike alikwenda, akaona, na aliporudi hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Mtu aliyecheka juzi, leo akisema ameona, wenzake humsikiliza. Kesho yake wanawake wa jirani wakapanda na vikapu, na siku iliyofuata upande wote wa chini. Kila asubuhi Nakijwa alisimama mbele ya Kajiru akaomba upya, "Baba, tunaomba tena tope lako," na kila jioni akamshukuru mbele ya watu. Ikombe wakaanza kuambiana kwamba Kajiru siku hizi amekuwa mkarimu. Habari zikamfikia mwenyewe. Ile miiba ya korongoni, aliamuru iondolewe.

Wanaume wa Mbweru walibaki nyuma kwa aibu, na aliyewashikilia alikuwa Mrindoko. Nakijwa akamfuata nyumbani kwake. Angeweza kumsimanga, na sababu alikuwa nazo. Akasema, "Kaka, tunapanda ovyo, kila mtu na mwendo wake, tunachoka bure. Kazi kubwa namna ile haina wa kuishikia wimbo. Sauti ya kufika kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, unaijua wewe iko kwa nani."

Mrindoko alijifanya kufikiri. "Nilijua mtakuja tu," akasema, na kesho yake alikuwa wa kwanza njiani.

Basi kazi ikachanganya. Wimbo wa Mrindoko uliwapangia watu hatua, mstari wa vikapu ukashuka na kupanda bila kukatika, na Mbwiro, ambaye mikono yake haikupenda jembe, alitembea kati yao akimsifu kila mtu kwa jina lake hadi mvivu akaona haya kupumzika. Vijana wa Ikombe walikuwa wamekaa ukingoni wakitazama wageni wakichimba ndiva ya babu zao. Mbwiro hakuwaambia waingie. Aliwapita akisema kwa sauti, kama anayejisemea, "Wanaochimba huwezi kuwajua ni wa juu au wa chini, tope halina kwao." Meno yao yakaacha kuuma. Wakaingia mmoja mmoja.

Ukuta wa babu ulianza kuonekana, jiwe baada ya jiwe. Mwezi nao ulikuwa umebaki utepe mwembamba, na chini kule watu wengine walikuwa wameanza kufunga mizigo. Nakijwa aliuona mwezi huo kila siku alfajiri. Kila siku neno moja lilimjaa kinywani, akalimeza.

Asiyeweza kumeza alikuwa Mrindoko. Mchana mmoja, jua likiwa kali, alikatisha wimbo katikati, akaruka juu ya ukuta, akanguruma kama siku zile za jiweni. "Kajiru! Tumechimba vya kutosha! Sasa tunakudai! Toa maji!"

Majembe yote yalisimama. Vijana wa Ikombe wakatoka topeni wakasogea upande wa Kajiru, na wanaume wa Mbweru wakasogea upande wa Mrindoko. Uso wa mzee ulirudi kuwa ule wa zamani. Mkono ukaanza kushuka, na kila mtu aliuona ukishuka.

Nakijwa alikuwa katikati, kikapu kichwani. Kwenye mkono ule alimwona mama yake amekaa peke yake uani. Angeweza kumtetea Mrindoko, au kumkemea, au kupiga magoti. Badala yake alikimwaga kikapu chake, akarudi ndani ya tope, akashika jembe, akaendelea kuchimba. Hakuna sauti nyingine iliyosikika mlimani isipokuwa jembe lile. Watu walisimama wakilisikiliza, pande zote mbili, na hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake.

Kisha Nanzia alitua chungu cha makande aliyokuwa akiwapikia wachimbaji, akakunja nguo, akaingia kando ya Nakijwa. Akafuata Nambike. Akafuata kijana mmoja wa Ikombe, halafu wenzake, halafu wa Mbweru. Mrindoko alibaki juu ya ukuta peke yake, akashuka taratibu, akaingia bila wimbo.

Mwisho kabisa aliingia Kajiru. Kwa miaka mingi hakuna aliyemwona na jembe. Alichimba kidogo kando ya Nakijwa, akapumua kwa taabu, akaegemea mpini.

"Haya, binti," akasema. "Unataka nini?"

Nakijwa alifumba macho. Alilijua swali hilo. Aliwahi kuulizwa akiwa mtoto mwenye ufagio mkononi. Alipoyafumbua alisema kweli yote, bila kuinyunyizia chochote. "Nataka maji, baba. Nimeyataka tangu siku ile ya kuni. Mama yangu hana miguu, na mwezi ukiandama kijiji kinahama, naye hatahama. Lakini sikutaka unipe ulichokuwa huna. Nilitaka kwanza uwe nacho."

Kajiru akamsogelea. "Uliona siku ile ya kwanza kwamba sina kitu," akasema kwa sauti ya kusikiwa na Nakijwa tu.

"Niliona."

"Na hukupiga kelele."

"Ningepiga, ungenisikiliza?"

Mzee akacheka, mara ya pili mwaka ule. Akageuka kuwaelekea watu, na alilosema alilisema mwenyewe, hakuna aliyemtilia kinywani. Alisema ndiva ya babu yake imesafishwa na mikono ya juu na ya chini, kwa hiyo itanywesha juu na chini, na jioni hiyo majembe yatoke, kijito kiachwe kiijaze usiku kucha.

Alfajiri watu walikuwa wameshakusanyika. Ndiva ilikuwa imejaa hadi kwenye mawe ya juu, maji meusi yaliyotulia, mengi kuliko yaliyowahi kuonwa na mtu yeyote aliye hai. Wanawake wa Ikombe waliona wakapiga vigelegele. Kajiru hakusimama ukingoni kuinua mkono. Alimwita Nakijwa kwenye kizibo, wakakishika pamoja, wakavuta.

Maji yalitoka kwa kishindo yakashika mfereji. Na mbele ya maji alikimbia Mrindoko, akiruka mawe, akipaza ile sauti aliyozaliwa nayo, "Yanakuja! Fungueni mifereji! Yanakuja!" Siku hiyo hakuna aliyesema sauti ile ni kubwa mno. Ilifika Mbweru kabla ya maji, na watu walitupa mizigo waliyokuwa wamefunga wakakimbilia majembe.

Nakijwa alishuka mbio kandokando ya mfereji, na alipofika nyumbani alimkuta mama yake amejikokota mwenyewe kutoka uani, amekaa kwenye ukingo, miguu yake isiyotembea imetumbukizwa ndani ya maji. Mgomba wa baba ulikuwa umezungukwa na maji. Namcha alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Kulikuwa na mboga?" akauliza.

"Nyingi, mama," Nakijwa akasema, akakaa kando yake, naye akatumbukiza miguu.

Mwezi uliandama, na Mbweru ikabaki pale ilipo mpaka leo.

Na tangu asubuhi ile hakuna aliyepanda tena Jiwe la Waombaji. Mbuzi ndio hulala juu yake, na wao hawana ombi. Mwenye shida ya maji huvuka korongo akaja mpaka hapa, akapewa jembe kabla ya kiti, siyo kwa dharau, bali ili akiwa ndani ya tope aijue ndiva, aone ina nini na imepungukiwa nini, na sisi tumjue yeye. Hakuna anayemhimiza aseme. Muda ukifika, mwenye ndiva humgeukia akamuuliza yale maneno ya Kajiru, na yeye hujibu kweli, kwa sauti ya kawaida.

Basi, mgeni wetu, umechimba vizuri, na jua bado halijawa kali. Haya, ndugu. Unataka nini?